Tumbo la Ukoo wa Mzee Hamdan

Suud alikuwa muoka boflo pale Konde, kisiwani Pemba. Kila siku baada ya sala ya alfajiri aliwasha tanuri lake. Jua likichomoza, watu walikuwa wamekwishajipanga mlangoni. Mkewe, Khairat, aliifunga mikate kwenye magazeti huku akiwatania wateja. Ilikuwa nyumba ya vicheko.

Lakini mwaka ule Suud aliacha kucheka.

Alikuwa na miaka arubaini na tatu. Kwa miezi mitano alikuwa akiona damu kila akienda choo. Tumbo lilimkata. Mara choo kilifunga, mara aliharisha. Nguo zilianza kumpwaya. Hakumwambia mtu. Mambo ya chooni ni aibu kuyasema, tena kwa mtu anayeuza chakula. Akajiambia ni bawasiri, akanunua dawa ya kupaka, akanyamaza.

Moyoni aliogopa jambo jingine. Baba yake, Mzee Hamdan, alifariki kwa maradhi ya tumbo akiwa na miaka arubaini na sita. Shangazi yake, Bi Radhiya, alifariki vivyo hivyo. Watu wa Konde walikuwa na msemo wao: "Tumbo la ukoo wa Mzee Hamdan." Wengine walinong'ona kuwa ukoo ule ulilaaniwa tangu ugomvi wa shamba la mikarafuu.

Siku moja Suud alianguka mbele ya wateja. Khairat hakungoja. Alimkimbilia jirani yao, Bi Asya, muuguzi wa kituo cha afya.

Bi Asya aliingia, akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda.

"Suud, watoto wako wote wawili nimewapokea kwa mikono yangu hino. Mie huna la kunionea haya. Unatoka damu?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

Suud alitazama ukuta. "Tangu kabla ya Ramadhani."

Khairat alijishika mdomo.

"Ni bawasiri tu, Bi Asya," Suud alisema.

"Pengine ni bawasiri. Si kila damu ya chooni ni saratani. Lakini maradhi hayajulikani kwa kukisia. Umekonda, choo kimebadilika, na ukoo wenu tunaujua. Mficha maradhi kilio humuumbua, mwanangu. Kesho tunakwenda Wete."

Wakaenda. Kutoka Wete akapelekwa Unguja. Huko madaktari waliingiza kamera ndogo, nyembamba kama kidole, wakatazama ndani ya utumbo mpana. Wakakuta uvimbe. Walikata kinyama kidogo, wakakipima. Ilikuwa saratani. Picha zikaonyesha kuwa imekwishafika kwenye ini.

Suud alisafirishwa hadi hospitali moja Dar es Salaam. Kitanda cha pili yake alilazwa Mpemba mwenziwe, Pandu, fundi seremala wa Kisiwa Panza. Maradhi yao yalikuwa mamoja: saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye ini. Walikula pamoja, wakasali pamoja, wakacheka vyakula vya hospitali.

Daktari wao aliitwa Shamima. Alikuwa mama mwembamba, msema polepole.

"Kuna dawa mpya," aliwaambia. "Yenyewe haiui saratani. Inaamsha kinga ya mwili, na kinga ndiyo inayopigana. Hapa tuna mpango wa msaada, tunaweza kuwapa wagonjwa wachache. Lakini haimfai kila mtu. Kwanza tutavipima vile vinyama vyenu."

Walingoja wiki mbili. Pandu alihesabu siku kwa vidole. Majibu yalipokuja, Suud alikubaliwa. Pandu hakukubaliwa.

Pandu aligeukia ukutani. Akauliza, bila kugeuka, "Yakhe, una jamaa yako mkubwa humu?"

"Wallahi sina."

"Basi kwa nini weye?"

Asubuhi Suud alikwenda kwa daktari akasimama mlangoni.

"Daktari, Pandu ana watoto watano, na wote wadogo. Dawa yangu mpeni yeye."

Daktari Shamima aliweka kalamu chini. "Ingia ukae. Tena kamwite na mwenzako. Jambo hili mlisikie pamoja."

Walipokaa wote wawili, aliwauliza, "Mlisoma chuo cha Kurani utotoni?"

"Ndiyo," wakajibu.

"Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili. Mtoto akikosea, mwalimu anafanya nini?"

"Anasahihisha," alisema Pandu.

"Haya. Mwili umejengwa kwa vijumba vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Vinaitwa seli. Ndani ya kila seli mna maandishi yanayoiambia ifanye kazi gani. Maandishi hayo ndiyo jeni. Seli zinapozaliana, maandishi yananakiliwa. Makosa hutokea, lakini mwili una wasahihishaji wake. Makosa yasiposahihishwa yakazidi, seli inaweza kuwa saratani."

Alimtazama Suud. "Katika uvimbe wako, wasahihishaji wameharibika. Makosa yamejaa maelfu. Kwa hiyo askari wa mwili wako wanauona uvimbe huo kuwa mgeni. Wanataka kuupiga, lakini uvimbe umewafunga breki. Dawa hii inafungua breki."

Kisha akamgeukia Pandu. "Uvimbe wako pia una makosa, lakini machache, na ya namna nyingine. Askari wako hawautambui. Hata nikiwafungulia breki, hawatajua wampige nani. Dawa hii ingekupotezea wakati, na ingeweza kukudhuru. Katika kila wagonjwa mia wenye saratani kama yenu iliyosambaa, wanaofaa dawa hii ni wanne au watano tu."

"Basi mie nimekwisha," Pandu alisema.

"Hapana. Kipimo hichohicho kimenionyesha dawa gani zitakufaa weye. Utaanza na dawa za kemo, zinazoua seli za saratani, kwa dripu. Uvimbe ukinywea, tutafanya upasuaji. Sikuchagua mtu, Pandu. Nimeusoma uvimbe."

Pandu akamshika Suud bega. "Nisamehe, yakhe. Nilikudhania vibaya."

"Hata mie ningedhani," alisema Suud.

Alipobaki peke yake na daktari, Suud aliuliza lile lililomkera miaka yote. "Baba alikufa hivi. Shangazi yangu pia. Ni laana?"

"Si laana, na wala hakuna aliyekutendeeni ubaya. Ukoo wenu huenda unarithishana jeni moja yenye kosa, ile ya kutengeneza wasahihishaji. Tutakupima damu tujue."

Suud alitundikiwa dripu kila baada ya wiki tatu. Alipata vipele na uchovu. Mara moja aliharisha siku mbili, akaona haya kusema. Kisha akakumbuka haya zake zilikomfikisha. Akampigia daktari simu, akapewa dawa mapema, hali ikatulia.

Baada ya miezi mitatu alipigwa picha. Uvimbe ulikuwa umepungua nusu. Baada ya mwaka, kilichobaki kwenye ini ni kovu dogo.

"Sikwambii umepona moja kwa moja," alisema Daktari Shamima. "Nakwambia tunakwenda vizuri, na utaendelea kupimwa."

Pandu naye alimaliza kemo, akapasuliwa, akarudi kwenye randa yake. Siku ya kwanza aliyotengeneza mlango alimpigia Suud simu, amsikilizishe sauti ya nyundo.

Jibu la damu lilithibitisha aliyosema daktari. Kosa lilikuwa la kurithi. Mzazi mwenye jeni ile anaweza kumrithisha mtoto au asimrithishe, na kwa kila mtoto nafasi ni nusu kwa nusu. Si kila aliyeirithi ataugua, lakini anapaswa kuchunguzwa mapema, hata kabla ya dalili yoyote.

Suud alikwenda Mgogoni kwa mdogo wake wa kike, Alya. Alimkuta akimenya muhogo.

"Mie siumwi," Alya alisema kabla hajamaliza kusikia. "Usiniletee maradhi kwa mdomo, kaka. Anayetafuta hupata."

"Kipimo hakileti maradhi, Alya."

"Na nikiambiwa ninayo? Wataka nilale nikingoja kufa?"

Suud alikaa kitako karibu naye. Alichukua kisu kingine, akamenya naye. Kisha akasema, "Baba hakuna aliyemwambia. Shangazi Radhiya hakuna aliyemwambia. Mie niliambiwa nimeshachelewa, Mungu akanisitiri. Weye ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuambiwa mapema."

Machozi yalimtiririka Alya, na kisu kikasimama mkononi.

"Utakwenda nami?" aliuliza.

"N'takwenda nawe."

Walipimwa damu watatu: Alya, na wana wawili wa marehemu Bi Radhiya, Jabir na Haitham; watoto wa Suud walikuwa hawajafika umri wa kupimwa. Haitham hakuirithi jeni ile. Alya na Jabir walikuwa nayo. Basi wakaenda Unguja kutazamwa kwa kamera, na Suud akaenda nao kuangaliwa upya.

Walifikia nyumbani kwa jamaa yao mmoja. Kabla ya kamera, mtu hunywa dawa ya kusafisha tumbo, na dawa ile haina subira. Walikuwa watu watatu, choo kimoja.

"Jabir, toka!" Alya aligonga mlango.

"Ndiyo kwanza nimeingia!"

"Kaka, mwambie atoke, nitaumbuka mie!"

Suud alikuwa ameegemea ukuta, tumbo amelishika, anacheka hadi hasemi. Alya akamtazama, akashindwa kujizuia, akacheka naye. Jabir alisikika huko ndani akicheka peke yake. Neno la chooni ambalo ukoo mzima ulilificha miaka yote sasa lilipigiwa kelele nyumba nzima.

Siku ya pili Jabir aliambiwa yu salama. Suud naye, utumbo ulikuwa safi. Alya alikutwa na vinyama viwili vidogo kama punje za mtama. Vilitolewa palepale, vikapelekwa maabara. Wiki moja baadaye majibu yalitoka. Havikuwa saratani bado. Vingeachwa, vingeweza kuwa.

Alya aliisikiliza habari ile mara mbili. Akajifunga vizuri mtandio wake, akaiinamia meza ya muuguzi kijana wa pale hospitali.

"Haya, mwanangu," alisema, "niandikie tarehe ya kipimo cha mwakani. Tena andika kwa herufi kubwa, huyu kaka yangu asije akasahau kunileta."