Maji ya Kisima kwenye Rejeta

Mdogo wangu alinikuta nimepiga magoti kando ya gari la mumewe, makalio juu, ulimi nje, nalamba kapeti. Saa nne asubuhi ya Jumamosi, jua linawaka, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu wawili. Nimeendesha malori nchi tano, nimelala mipakani, nimekula vitu ambavyo hata aliyevipika hakuvijua jina, lakini sijawahi kuaibika kama siku ile.

"Kaka," akasema, "chai ipo mezani."

Nikajieleza. Dawa ya rejeta, ile ya kupoza injini, ina utamu, na wiki ya pili sasa shemeji alikuwa anatafuta maji yanakovujia. Kapeti la mbele upande wa abiria lilikuwa limelowa, nami kwa ujuaji wangu nikaamua kuonja. Msiniige. Ni sumu, na mtaonekana wajinga. Shida ni kwamba maji yale hayakuwa matamu, wala hayakuwa maji ya kawaida. Yalikuwa na ladha ya udongo wa chini kabisa, ule usiofikiwa na jua, na yalikuwa baridi kama barafu ilhali gari lilikuwa limetoka safarini dakika ile ile.

Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa ameshika jagi la maji, lile la familia nzima, na kabla sijamaliza kujifuta mdomo alikuwa amelimaliza na kurudi ndani kulijaza.

Shemeji yangu mtaani wanamwita Turbo, na gereji yake iko uani mwa nyumba yao. Gari lenyewe lilikuwa kigari cha kwendea sokoni mpaka alipokitoa injini yake na kukipachika ya gari kubwa, na turbo ya kuiongezea nguvu juu yake, na rejeta pana iliyomlazimu kukata bampa. Likiwashwa, vyombo vinacheza kabatini. Kila asubuhi alimpeleka mkewe nalo shuleni anakofundisha, mwanamke kiti cha mbele, na kila jioni maji kwenye tangi la akiba yalikuwa yamepungua vidole viwili. Chini ya injini hakuna tone.

Turbo alifanya kila anachofanya fundi. Alibadilisha mipira ya maji, akakaza klipu, akatoa plagi aone kama maji yanaingia kwenye silinda. Kavu. Mwisho akafunga pampu ya kupimia presha mdomoni mwa rejeta, injini ikiwa imepoa, akapandisha mshale mpaka kumi na tano, tukakaa juu ya matairi tuone kama utashuka. Haukushuka. Ulipanda. Ukafika kumi na saba, ukarudi kumi na tano, ukapanda tena, polepole, bila mkono wa mtu, na tulipoukodolea macho kwa muda tukagundua, kila mmoja kimya kimya, kwamba tulikuwa tunavuta pumzi kwa kuufuata.

Nikasema pengine kipimo ni kibovu. Turbo akasema ni kipya, akakifungua bila kunitazama.

Siku hiyo hiyo akamwaga ndani dawa ya kuziba, ile ya unga inayoganda popote penye tundu. Kapeti likakauka. Turbo akapiga mluzi siku nzima. Kuanzia hapo maji hayakupungua tena, yalianza kuongezeka.

Mimi ndiye niliyeweka alama ya kalamu kwenye tangi, kwa utani tu. Siku ya kwanza yaliipita alama kwa kidole kimoja, siku ya pili kwa vitatu, na hakuna aliyeongeza hata kikombe. Ndani ya nyumba mdogo wangu sasa alikuwa anakunywa kwa ndoo. Midomo ilimpasuka. Ngozi ya mkono wake ukiibana ilibaki imesimama kama karatasi iliyokunjwa. Alikata vitunguu, macho yakamuwasha, chozi halikuja, akanitania kwamba sasa hata akifiwa watu watasema hana huruma. Nikacheka. Kisha nikaenda bafuni, nikajifungia, nikakaa juu ya ndoo nikirudia kila dua ninayoijua.

Hospitali walimtundikia dripu tatu, wakapima sukari, wakapima figo, wasione kitu. Tulimrudisha na gari lile lile kwa kuwa ndilo lililokuwepo, mimi nimekaa nyuma, na njia nzima kule ndani ya dashibodi, ilipo ile rejeta ndogo ya kuleta joto, kulikuwa na mlio wa kububujika ambao haukuwa wa hewa kwenye maji bali wa koo, koo la mtu anayekunywa kwa pupa bila kupumzika, na matundu ya hewa yalimpulizia mdogo wangu usoni harufu ya ukuta wenye ukungu ilhali feni ilikuwa imezimwa, na tulipoingia uani Turbo akafungua boneti tukakuta tangi limefurika, maji yanatiririka juu ya injini, dripu zote tatu na zaidi, naye mgonjwa alipojaribu kumwita mumewe amshike mkono ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa, sauti haikutoka.

Tulimlaza mkekani barazani. Nikamvuta Turbo pembeni; ladha ile ya udongo ilikuwa imenirudia ulimini.

"Maji ya kwanza kabisa, siku ya kujaribu injini," nikamuuliza kwa kunong'ona, "uliyatoa wapi?"

Alisugua mikono kwa kitambaa muda mrefu. Siku ile bomba lilikuwa halitoi maji, akasema, naye alikuwa na hamu ya kuisikia injini. Akachota lita saba kwenye kisima cha zamani hapo uani, kile ambacho wapangaji waliotangulia walikifunika kwa bati wakalikandamiza kwa mawe. Yalikuwa ya kujaribia tu, angeyamwaga baadaye. Injini ikanguruma vizuri, akasahau. Wiki iliyofuata akakijaza kisima kifusi, akamwaga zege juu, akasimika nguzo zake mbili za kuinulia magari. Nguzo hizo alizingoja miaka sita. Ukimsikia akizisifia utadhani amezizaa yeye.

Mganga niliyempigia simu alikuja saa nane mchana, mama mfupi mwenye miwani na mkoba wa ngozi. Tulimwamkia, akaitikia bila kututazama. Alimfunua mgonjwa jicho moja, akaenda moja kwa moja kwenye gari, akaweka sikio kwenye matundu ya hewa. Nikamwambia kwa adabu kwamba injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni kwa shemeji. Akaniambia ninyamaze.

"Unataka nini?" akaliuliza gari.

Nilikuwa karibu kucheka. Kisha sauti ikatoka kwenye matundu yote manne kwa pamoja, nzito, yenye maji ndani yake.

"Nimechotwa usingizini. Nikachemshwa. Kila siku nachemshwa."

"Basi toka."

"Nilikuwa natoka. Tone kwa tone. Huyo akaziba. Na nyumbani kwangu ameziba. Sasa namnywa huyu mwanamke. Nikimmaliza, nitamtafuta mwingine humu humu."

Turbo akasema harakaharaka kwamba afungue koki ya rejeta amwage kila kitu mtaroni. Mganga akakataa. Jini lisilo na pa kwenda, akaeleza, huingia mwili liliokwisha kuuzoea, na mwili huo ulikuwa pale mkekani. Lirudishwe kisimani, na lirudishwe leo, maana mgonjwa hafiki jioni. Zege ivunjwe.

Mdogo wangu alikuwa amegeuza kichwa, anamtazama mumewe. Mumewe hakumtazama. Alitazama sakafu ya zege. Alizitazama nguzo zake mbili, boliti moja moja, huku midomo ikicheza kama mtu anayepiga hesabu, halafu akamwuliza mganga kama tundu dogo la drili lingetosha, kwa pembeni, lisizifikie nguzo. Akauliza kama haiwezi kungoja hadi kesho.

Dashibodi ikacheka. Kilikuwa kicheko cha maji yanayoporomoka shimoni, na mdogo wangu aliposikia akafumba macho, kope zikatoa mlio wa majani makavu.

Nikachukua nyundo kubwa. Pigo langu la kwanza likaikosa zege likakipata kidole cha mguu wangu, nikaruka uani kwa mguu mmoja kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto, na nadhani ni aibu ile iliyomzindua Turbo. Alinipokonya nyundo mkononi. Alipiga na kupiga, jasho na kamasi vikimchuruzika, mpaka zege ikapasuka, nguzo ya kushoto ikainama ikailalia ya kulia na zote zikaanguka kwa kishindo, na kifusi kikaanza kuzama chenyewe, kana kwamba kuna aliyekuwa akikivuta kwa chini, shimo likawa wazi na ile harufu ikapanda, tukalisukuma gari pua yake ikae juu ya shimo na Turbo akalala chini akafungua koki, na maji yakashuka si kama maji yanavyomwagika bali kama kamba inayovutwa, ndefu, nyeusi, zaidi ya lita saba, zaidi ya sabini, robo saa nzima, huku sauti inayodidimia ikitutukana mmoja mmoja, mganga, Turbo na mimi, kwa mambo ambayo hatujawahi kumwambia mtu. Yangu sitayasema hapa.

Kisha ikawa kimya. Barazani mdogo wangu alikuwa analia, na machozi yalikuwa yanamlowesha hadi shingoni.

Mganga akaagiza shimo lifunikwe kwa bati tu, na pasijengwe kitu juu yake tena. Akachukua mkoba wake, akaenda.

Siku nne baadaye mdogo wangu alikuwa anatembea, mashavu yamerudi. Aliniomba nimsindikize kwa mama yetu. Begi lilikuwa mlangoni, nami nimekwisha kulishika mshikio mmoja, nikijifanya nachunguza kucha zangu. Turbo alisimama kati yake na mlango, mikono yote miwili imefungwa bandeji kwa ajili ya ile nyundo. Alisema mengi, kwa sauti ya chini. Kwamba gari amelikatakata likauzwe vyuma chakavu. Kwamba nguzo hatazisimika tena.

"Mke wangu, nimeivunja gereji nzima kwa ajili yako," akamalizia. "Unataka nini zaidi?"

Mdogo wangu akafunga zipu ya begi.

"Uliitazama sakafu kwanza," akasema.