Mguu wa Thadei

Jiwe juu ya pedali lilikuwa limelowa chepechepe, na kijijini Kitura mvua haikuwa imenyesha tangu kahawa ianze kuiva. Valeria aliliona alipopanda na kapu lake kwenye kichwa cha treni, akamuuliza mumewe, aliyekuwa dereva, kwa nini linatoa maji. Thadei akacheka, akasema limekumbuka ziwa.

Kile kichwa cha dizeli hakikuenda bila mguu wa dereva juu ya pedali. Ukiuinua tu, injini inakata na breki zinashika. Zamani madereva walikuwa wawili, wakipokezana. Reli ya makaa ya mawe ilipouzwa kwa mtu binafsi, msaidizi akapunguzwa, Thadei akabaki na mguu unaowaka moto kila jioni. Ndipo akaokota jiwe ufukweni mwa ziwa, akaliweka juu ya pedali, na kwa utani wake usio na breki akaliambia, "Wewe ndiye mguu wangu sasa."

Siku hiyo, wakiteremka kuelekea bandari ya Mbamba Bay, Thadei aliliondoa jiwe ili wasimame. Pedali haikuinuka. Harufu ya matope na samaki waliooza ikajaa mle ndani, na Valeria akaona pedali imekandamizwa na kitu asichokiona, maji yakichuruzika juu yake na kuchora vidole vya mguu kimoja kimoja, huku mumewe akivuta breki ambazo hazikushika na gati likiwajia mbio kiooni, mpaka alipofanikiwa kufunga mafuta na kichwa kikasimama, magurudumu ya mbele yakinusa maji.

Valeria hakungoja. Alimleta mzee Romanus, mganga wa kijiji cha Tingi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo aliliambia nini hilo jiwe?"

Aliposikia jibu, mzee alilichukua jiwe. Akalifukiza, akalitupa ziwani. "Jiwe nimelirudisha," alinong'ona, "lakini maneno ya mumeo siwezi kuyarudisha."

Kesho yake mchana Thadei alilala, mguu wa kulia umekaza ukisukuma ubao wa miguuni pa kitanda. Valeria alimwonea huruma, akauinua ili amfunike blanketi. Mguu ukalegea, na pumzi ya mumewe ikakata. Akaurudisha upesi, akaukandamiza kwenye ubao, pumzi ikarudi. Akauachia kidogo. Ikakata tena.

Aliita majirani mpaka sauti ikamkauka, lakini wote walikuwa shambani wakichuma kahawa. Alimpenda mwanamume huyu, hakuwa tayari kumzika. Mikono ilipoanza kuishiwa nguvu, macho yake yakaanza kutafuta mle chumbani kitu kizito cha kuukandamizia mguu ule.