Masikio ya Daraja la Kwanza

Alfayo, mpima masikio wa kiwanda cha nguo, alikutwa ameinamia meza yake, kisogo kimepasuliwa kwa spana. Spana yenyewe ilikuwa sakafuni, imefutwa alama za vidole.

Inspekta Mugweri wa polisi ya Jinja alikizunguka chumba, hakukaa. Tangu vita viishe hakuwa na usingizi wa maana, na maiti hii ilimkosesha raha zaidi. Kiwanda ndiyo kwanza kilikuwa kimefunguliwa.

Mastula, muuza chai, alikuwa chini ya dirisha wakati mitambo imezimwa kwa chakula cha mchana.

"Ulisikia nini, mama?"

"Ugomvi, afande. Alfayo alilia, 'Sikujua! Sikujua!' Halafu kimya. Nikakimbia."

Mafabi, fundi wa mitambo, alisema alikuwa stoo, upande wa pili wa ukuta.

"Ukuta una dirisha?"

"Hauna, afande. Lakini nilisikia vizuri. Alfayo alisema, 'Nilijua.'"

Mugweri aliinua kichwa. Mmoja wao alikuwa amekosea, au anadanganya. Alimruhusu Mafabi aende Mbale kwenye hitima ya mdogo wake, kisha akamwita Margret, muuguzi wa kiwanda.

"Masikio ya wafanyakazi mnayapangaje?"

"Kwa madaraja, afande. La kwanza, mzima. La pili, ameanza kupungukiwa; apewe vizibo vya masikio. La tatu, aondolewe kwenye kelele na apelekwe hospitali."

"Mafabi ni la ngapi?"

"La kwanza."

"Basi ni shahidi mzuri."

Margret alitupa jicho mlangoni. "Afande, wote ni la kwanza. Mashine ya kupimia iliporwa wakati wa vita. Meneja alitaka kazi ianze haraka, Alfayo akawapitisha bila kuwapima. Hata Asadu, mdogo wake Mafabi. Wiki iliyopita lori lilirudi nyuma likipiga honi. Wenzake waliruka. Yeye hakugeuka hata kichwa."

Mugweri hakungoja zaidi. Alipita vizuizi vya askari kimoja baada ya kingine, akiendesha kama mtu anayefukuzwa, hadi Namatala, mtaa wa kina Mafabi huko Mbale.

Mafabi alikuwa uani akipasua kuni, amempa mgongo.

"Mafabi!"

Akaita tena, kwa nguvu. Kuku walitawanyika. Mafabi aliendelea kupasua mpaka kivuli cha inspekta kilipomfikia miguuni.

"Tangu lini husikii?"

"Nasikia, afande," alijibu, macho yameganda kwenye midomo ya Mugweri.

Mugweri aliuziba mdomo wake kwa kofia. "Alfayo alisema nini?"

Macho ya Mafabi yalihangaika juu ya ile kofia.

Mugweri akaishusha. "Hukusikia kitu ukutani. Ulimsoma midomo. Ulikuwa mbele yake."

Shoka lilimponyoka Mafabi.

"Bomu lilituangukia karibu, mimi na Asadu," alisema. "Mimi nilijifunza midomo, yeye akashindwa. Aliona haya kusema. Aliniambia kipimo kitasema chenyewe, watamtafutia kazi mbali na malori."

"Na Alfayo?"

"Nilimuuliza, ulijua mdogo wangu ni kiziwi ukamwandika mzima? Akasema, 'Nilijua.' Akageuka kukimbia. Nikampiga. Nilitaka nanyi mjue kwamba alikiri."

Mugweri alimsogelea, akatamka polepole ili kila neno lionekane. "Alisema, 'Sikujua.'"

"Rudia, afande."

Akarudia.

Mafabi alikaa juu ya kuni. Midomo yake mwenyewe ilijaribu lile neno, kisha lile jingine, bila sauti.

"Kazi yake ilikuwa kujua," alisema hatimaye, akanyoosha mikono.

Mugweri alimfunga pingu. Ndani ya nyumba mama mzazi wa Mafabi aliita kwa hofu, akiuliza ni nani huyo amekuja, na pale uani Mugweri peke yake ndiye aliyemsikia.