Bibi Harusi wa Udongo

Asubuhi ile bustani nzima ilikuwa imelowa umande wa baridi ya Juni, isipokuwa kuzunguka tanuru. Pale palikuwa pakavu, na ukiweka kiganja chini unasikia joto. Clemens, ofisa wa bustani na viwanja vya wazi vya manispaa, alipakanyagakanyaga akasema labda ni jua. Jua lipi? Sumbawanga, saa moja asubuhi, upepo wa milima ya Mbizi unakata masikio!

Tanuru lenyewe ni la udongo, linampita mtu kimo, la enzi za wazee wa Kifipa waliokuwa wakiyeyusha chuma. Kiwanja kilipogeuzwa bustani, liliachwa katikati. Wazee hao walilipamba kama bibi harusi kabla ya kuliwasha, na aliyelipamba hakumkaribia mkewe mpaka chuma kitoke, kwa sababu siku hizo mke wake lilikuwa hilo. Clemens alijua. Mfipa wa Kaengesa atakosaje kujua? Lakini jamaa ni wa mizaha, na mzaha hauchagui pa kumponzea mtu.

Jana yake, wakijiandaa kufungua bustani, alilipaka chokaa kwa mikono yake. Akalivisha shanga na kitenge kipya cha mkewe Evodia, kile alichokuwa amejiwekea cha kutokea hospitali, maana angejifungua wakati wowote. Kisha akalikumbatia mbele ya vibarua.

"Meshack, nipige picha! Huyu ndiye bibi harusi wangu, namwoa mbele yenu!"

"Bosi, mama mkwe wako akisikia, atakutoa roho," Meshack alisema, wakacheka mpaka wakakaa chini. Loo, mdomo uliponza kichwa.

Sasa jioni ya siku ile ya umande, vibarua wameondoka, Clemens anafunga stoo, akasikia harufu ya mkaa unaowaka na chuma cha moto. Moshi hakuuona. Simu ikaita.

"Clemens, uchungu umeanza," Evodia alisema akihema. "Niko hospitali na mama. Njoo, naogopa yasije yakawa ya mwaka juzi."

Mwaka juzi walimzika mtoto wao wa kwanza. Clemens akakimbia. Alipita langoni, akavuka barabara, akakata kona, na mbele yake likasimama tanuru. Akageuka, akatoka tena, akarudi palepale. Akapenya uzio wa michongoma huku miiba inamchana mikono, akatua mguu nje, akashusha pumzi, akainua macho, na kile kitenge cha mkewe kilikuwa kinapepea usoni pake, na ndani ya tanuru mivukuto ya kupulizia moto ilikuwa inavuta na kutoa, inavuta na kutoa, ingawa mivukuto haijakuwapo pale tangu babu zake hawajazaliwa.

"Umenipamba," ilisema sauti ya mwanamke kutoka kwenye mdomo wa tanuru, taratibu. "Mbona unakimbia? Unamwendea nani?"

Alimpigia mama mkwe wake, Luciana, kwa mnong'ono.

"Shikamoo mama. Nimekwama bustanini. Lile tanuru… linaongea."

Luciana alikuwa mjukuu wa wayeyusha chuma. Hakucheka.

"Marahaba, mkwe wangu. Sikiliza. Usimjibu, hata neno moja. Kaa hapo mpaka kuche, atakuchoka. Evodia niko naye mimi."

"Mama, mke wangu je?"

"Ukimjibu umefunga ndoa. Nyamaza!"

Akanyamaza. Lakini simu haikukatika, na mwanamume yule alikaa kwenye nyasi zenye joto, meno yamebana ulimi, akimsikia Evodia analia na kuliita jina lake, akimsikia nesi anasema sukuma mama, sukuma, na huku sauti ile nayo inambembeleza, sema tu huna mke mwingine nami nitakufungulia, sema tu, mpaka kilio cha Evodia kikakatika ghafla, na upande wa pili wa simu hakuna aliyesema kitu.

"Sina!" Clemens alipiga kelele. "Sina mke mwingine! Nifungulie nikamwone!"

Mivukuto ikanyamaza. Safari hii barabara ilikuwa barabara.

Alifika wodini anatweta. Evodia alikuwa ameegemea mto, mzima, mtoto wa kiume ananyonya. Clemens alipiga magoti akalia kwa furaha kama mtoto.

"Evodia, mke wangu. Ahsante Mungu."

Evodia alimvuta mtoto kifuani. "Mama, huyu ni nani?"

Luciana alisimama. Hakuwa na hasira, alimwonea huruma tu.

"Pole, kijana. Umekosea wodi. Binti yangu hana mume."

Mlinzi alimshika mkono, akamtoa nje polepole.

"Twende, kaka. Kwako ni wapi, nikuitie bodaboda?"

Clemens alifungua kinywa ataje mtaa wake, Jangwani. Alijisikia mwenyewe akijibu.

"Bustanini. Mke wangu ananisubiri."