Tusekile Asokota Ngata ya Mama

Tusekile ana miaka sita na nusu. Ukisema sita tu, atakurekebisha.

Anakaa Tukuyu, kwenye vilima vya kijani. Huko mvua hunyesha sana. Nyuma ya nyumba yao kuna migomba, na mbele kuna mparachichi mmoja mkubwa.

Jumatano na Jumamosi ni siku za soko. Mama hujaza maparachichi kwenye beseni. Hulibeba kichwani, akapanda kilima, akashuka kilima, mpaka sokoni.

Chini ya beseni huweka ngata. Ngata ni duara la majani makavu ya mgomba. Hukaa kati ya kichwa na mzigo, ili mzigo usiumize kichwa.

Lakini asubuhi ya soko Mama huwa na haraka. Huchukua majani mawili, huyazungusha mkononi, chap chap, na huyo anaondoka.

Jumatano moja, ngata ya Mama ilifumuka njiani. Jani moja lilianguka huku. Jani jingine lilianguka kule. Beseni likakaa juu ya kichwa kitupu.

Mama alirudi jioni akakaa kwenye kigoda. Hakuvua hata viatu.

"Mama, unaumwa?" aliuliza Tusekile.

"Hapa, mwanangu." Mama aligusa utosi. "Hapa katikati panawaka moto."

Tusekile alipuliza utosi wa Mama. Fuuu. Fuuu.

"Pamepoa?"

"Pamepoa kidogo."

Kidogo! Tusekile hakutaka kidogo.

"Nitamsokotea Mama ngata," alijisemea. "Ngata isiyofumuka. Nitampa Jumamosi, iwe zawadi. Na nitasokota mwenyewe."

Alikuwa amemwona Mama mara nyingi. Alijua jinsi ya kufanya.

*Zungusha, kaza, ingiza ncha.*
*Zungusha, kaza, ingiza ncha.*

Alhamisi, Tusekile alikwenda nyuma ya nyumba. Aliona jani bichi la mgomba. Lilikuwa la kijani, tena linang'aa.

"Zawadi lazima ipendeze," alisema. Akalichana jani. Chraaa!

*Zungusha, kaza, ingiza ncha.*
*Zungusha, kaza, ingiza ncha.*

Ngata ya kijani ikawa tayari. Tusekile aliiweka kichwani. Juu yake akaweka sufuria ndogo. Ndani ya sufuria akaweka parachichi moja.

Hatua moja. Hatua mbili.

Tereree... ngaa! Sufuria iliteleza ikaanguka. Parachichi likabingirika, bingiri bingiri bingiri, mpaka miguuni kwa kaka yake, Lusajo.

Lusajo ana miaka kumi. Aliokota parachichi. Aliangalia ngata. Kisha aliangalia gauni la Tusekile.

"Tuse! Una utomvu wa mgomba mpaka kifuani. Huo hautoki, hata ufue mwaka mzima."

"Najua," alisema Tusekile. Hakuwa anajua.

"Na nani kakwambia ngata inasokotwa kwa jani bichi? Jani bichi linateleza. Mwone!"

"Nilitaka ipendeze."

"Imependeza," alisema Lusajo. "Imependeza kama chura."

Tusekile alitaka kulia. Lakini Jumamosi ilikuwa karibu, na kulia kunachukua muda. Akaifumua ngata ya kijani, akampa mbuzi wao. Mbuzi akala yote. Nyam nyam nyam.

Ijumaa asubuhi, Tusekile alichagua majani makavu. Yalikuwa ya kahawia, kama chai ya rangi. Yalilia mkononi. Kwacha, kwacha, kwacha.

Alipoyazungusha, yakakatika. Kwach!

Alichukua mengine. Kwach! Nayo yakakatika.

Tusekile alikaa chini akafikiri. Mama husokota alfajiri. Alfajiri kuna umande. Kumbe majani ya Mama huwa yamelowa kidogo!

Alichovya vidole kwenye ndoo ya maji. Akanyunyizia majani makavu. Chwi, chwi, chwi. Akangoja. Akahesabu mpaka mia moja, bila kuruka hata namba moja.

Majani yakawa laini kama kitambaa.

Sasa Tusekile alinyoosha kiganja cha kushoto. Akaanza kuzungusha majani kwenye kiganja, kama Mama anavyofanya.

*Zungusha, kaza, ingiza ncha.*
*Zungusha, kaza, ingiza ncha.*

Ncha moja ilichomoza nje. Akaifumua ngata yote, akaanza upya. Fundo moja lilikaa chini. Fundo la chini huchoma kichwa! Akaifumua tena, akaanza upya.

Mwisho, ngata ikawa laini kila upande. Haikuwa na ncha nje. Haikuwa na fundo chini.

"Lusajo! Njoo uone!"

Lusajo alikuja. Aliichukua ngata. Akaivaa mkononi, ikapita vizuri, ikakaa kwenye kifundo cha mkono.

"Asante kwa bangili," alisema.

"Siyo bangili! Ni ngata ya Mama!"

"Ya Mama? Hii labda ya kuku. Kuku akienda sokoni na mzigo wake."

Tusekile aliinyang'anya ngata. Aliitazama. Ilikuwa ndogo kweli. Ilikuwa ndogo kwa sababu kiganja chake ni kidogo. Mama huzungushia kwenye kiganja cha Mama. Yeye alizungushia kwenye kiganja cha Tusekile.

"Lete nikusokotee mimi," alisema Lusajo. Sasa hakuwa anacheka. "Mkono wangu ni mkubwa kidogo."

"Hapana. Ni zawadi yangu. Nasokota mwenyewe."

Aliunganisha viganja vyake viwili. Vikawa vipana. Vizuri! Lakini sasa atazungusha majani kwa mkono gani?

Hakuwa na mkono wa tatu.

Jua lilianza kushuka. Kesho ni Jumamosi. Kesho Mama atabeba beseni, na ngata haipo.

"Tusekile!" aliita Mama. "Njoo uoge kabla baridi haijaingia!"

Tusekile alioga kimya. Mama alimfuta maji. Kisha akampaka mafuta ya mgando, mikono kwanza, halafu miguu.

"Mbona leo huongei, mama?" Mama humwita hivyo Tusekile akitaka kumbembeleza.

Tusekile alikuwa anaangalia goti lake. Kiganja cha Mama kilikuwa juu ya goti. Goti lilienea ndani ya kiganja, sawasawa. Halikupungua. Halikuzidi.

"Mama, shika tena goti."

"Goti lina nini?"

"Halina kitu. Shika tu."

Mama alishika tena. Sawasawa kabisa!

Tusekile alivaa gauni haraka. Akakimbia nyuma ya nyumba. Akakaa chini, akakunja mguu mmoja, goti likasimama juu kama kilima kidogo.

Akachukua majani laini. Hakuzungushia kwenye kiganja. Alizungushia kwenye goti!

Mikono yote miwili ilikuwa huru.

*Zungusha, kaza, ingiza ncha.*
*Zungusha, kaza, ingiza ncha.*

Alizungusha mara saba. Alikaza kila mara. Ncha zote aliziingiza ndani. Fundo alilificha pembeni.

Akaichomoa ngata polepole kutoka kwenye goti. Ilikuwa pana. Ilikuwa nene. Ilikuwa ngumu kama kiti.

Lusajo aliiona. Hakusema chura. Hakusema kuku.

"Iweke chini," alisema. Akaikanyaga kwa mguu mmoja. Akasimama juu yake na kuhesabu. "Moja, mbili, tatu, nne, tano."

Ngata haikufumuka.

"Tuse," alisema Lusajo, "hii ni ngata kweli."

Jumamosi, jogoo aliwika mara moja tu. Mama alikuwa tayari uani. Beseni lilikuwa limejaa maparachichi. Mama alinyoosha mkono kuchukua majani mawili.

"Mama, subiri!"

Tusekile alikuwa amesimama mlangoni. Mikono yake ilikuwa nyuma.

"Mwanangu, nachelewa."

"Chukua hii."

Mama aliichukua ngata. Aliigeuza juu. Aliigeuza chini. Alipitisha kidole pande zote, akitafuta ncha. Hakuipata.

Aliiweka utosini. Lusajo akamsaidia kunyanyua beseni. Hop! Likakaa.

Moyo wa Tusekile ulipiga, du du, du du.

Mama alitembea mpaka kwenye mparachichi. Akageuka. Akarudi. Beseni lilitulia tuli.

Aliachia mkono mmoja. Beseni tuli.

Aliachia mkono wa pili. Beseni tuli!

"Nani kasokota hii?" aliuliza Mama.

"Mimi."

"Na nani?"

"Mwenyewe!"

"Ni kweli, Mama," alisema Lusajo. "Mimi nimeikanyaga tu."

Mama hakuweza kuinama, maana alikuwa na mzigo. Alichuchumaa polepole, mgongo umenyooka, mpaka uso wake ukafika kwenye uso wa Tusekile.

"Kichwa changu hakijawahi kupata zawadi," alisema. "Leo kimepata."

Akasimama, akanyoosha mkono.

"Siku zote nashika beseni kwa mikono miwili. Leo nina mkono wa kukushika wewe. Twende sokoni."

Wakapanda kilima. Wakashuka kilima. Mama kashika mkono wa Tusekile, na beseni limekaa peke yake juu. Kwenye mteremko wenye utelezi Mama alitembea taratibu, na hakuna hata parachichi moja lililoanguka.

Sokoni, Mama Atupele anayeuza viazi aliwaona kwa mbali.

"Mama Lusajo! Leo unatembea kama bibi harusi! Mbona hushiki mzigo?"

"Shikamoo, Mama Atupele," alisema Tusekile.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nione hiyo ngata. Umenunua wapi, Mama Lusajo?"

"Hii hainunuliwi," alisema Mama. "Kaisokota huyu."

"Huyu? Huyu mtoto wa miaka sita?"

"Sita na nusu," alisema Tusekile.

Mama alitua beseni, na Mama Atupele akaipokea ngata. Aliivuta. Aliibana. Hata kuinusa aliinusa.

"Kajifunzia wapi kukaza hivi? Yangu imefumuka pale darajani!"

"Nimezungushia kwenye goti," alisema Tusekile. Akapandisha gauni kidogo, akaonyesha goti lake.

Wamama wote wa viazi walicheka. Kisha mmoja akakunja mguu wake na kuliangalia goti lake vizuri. Mwingine naye akaliangalia la kwake.

Mchana, maparachichi yaliisha. Viazi navyo viliisha. Wamama walikunja magunia yao.

Tusekile aliwaona wakitupa ngata zao. Tupa, tupa, tupa. Kila siku ya soko, mzigo ukiisha, ngata ya majani hutupwa pembeni, na mbuzi huja kuila. Siku ya soko ijayo mtu husokota nyingine.

Tusekile aliitazama ngata yake. Mbuzi mmoja naye aliitazama.

"Mama," aliuliza kwa sauti ndogo, "na yetu tunaitupa?"

"Ishi!" Mama alimfukuza mbuzi. "Nani kasema?"

Mama aliweka beseni tupu kwapani. Akachukua ngata, akaipangusa vumbi. Akaivaa kichwani, bila mzigo wowote juu yake.

Hivyo ndivyo walivyorudi nyumbani. Njia nzima watu walimwangalia Mama.

"Mama Lusajo, umesahau ngata kichwani!" aliita mtu wa baiskeli.

"Sijasahau!" alijibu Mama.

Tusekile alitembea kidevu juu. Hakuangalia chini hata kwenye madimbwi. Chwap! Chwap!

Mama alipika makande na ngata kichwani. Alikula na ngata kichwani. Lusajo alicheka mpaka maharage yakamtoka mdomoni.

"Mama, utosi unauma?" aliuliza Tusekile. Macho yake yalikuwa mazito.

"Hauumi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Tusekile alifumba macho. Mama alimbeba mpaka kitandani, akamfunika blanketi mpaka shingoni.

Na hapo pia Mama alikuwa bado ameivaa ngata.