Maji ya Kisima Namba Nne

Walikutana Jumatatu asubuhi kwenye ukumbi wa maabara ya jiji, watu wamejaa kama siafu, kila mmoja na chupa yake ya kupimwa. Binti mmoja wa buti za mpira na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi alikuwa ameketi juu ya kasha la barafu. Mwanamume mrefu wa shati la buluu, manukato yake yakimtangulia, akamwinamia.

"Dada, soda baridi zipo?"

"Maji tu."

"Nipe moja."

"Yametoka kando ya mabwawa ya majitaka. Nikufungulie?"

Mwanamume akacheka hadi watu wakageuka. "Basi hayo ni maji ya kwangu. Mimi ndiye msimamizi wa mabwawa."

"Na mimi ndiye mpima maji mpya. Nimeajiriwa nikupeleleze."

Utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Kuzunguka mabwawa kulikuwa na visima sita vyembamba, vilivyochimbwa si kwa kunywa bali kwa kujua kama uchafu unapenya ardhini. Kila mwezi binti aliyavuta kwa pampu maji yaliyolala, akangoja mapya yaingie, ndipo akajaza chupa. Kuanzia mwezi ule msimamizi akawa anamshikia mwavuli. Simu nazo hazikukatika.

"Umekula, laazizi?"

"Bado."

"Basi nami sili."

"Kula bwana. Ukifa na njaa nani atanibebea pampu?"

Mwezi wake wa nne kazini, kisima namba nne, kilicho jirani na nyumba za watu, kilitoa nitrati, sumu ya majitaka isiyoonekana, mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa.

"Kosa la mashine," msimamizi alisema akimpapasa bega. "Mwezi ujao utaona imeshuka."

Mwenyewe alijua kwamba si mashine. Tandiko la plastiki chini ya bwawa la pili lilikuwa limechanika tangu mwaka uliopita, na taarifa ya fundi aliifungia kwenye droo, asionekane mzembe siku za kupandishwa cheo.

Mwezi uliofuata binti akashikwa na homa.

"Lala, kipenzi," msimamizi alimwambia kwenye simu. "Nitachota mimi."

"Pampu kwanza dakika ishirini, usisahau."

"Nimekutazama miezi yote hii. Nilikuwa natazama nini kingine?"

Hakukifungua hata kifuniko cha kisima. Alijaza chupa kwenye bomba la ofisini kwake, huku akipiga mbinja, kisha akampelekea mgonjwa fomu na machungwa. Binti akatia sahihi kitandani, kana kwamba amechota mwenyewe. Majibu yakarudi mazuri mno.

Wiki hiyohiyo dada yake mkubwa, aliyekaa chini ya mteremko wa mabwawa na kichanga cha wiki sita, alimpigia.

"Mdogo wangu, bomba limekauka na maziwa yangu hayamtoshi mtoto. Nikimkorogea ya kopo kwa maji ya kisima chetu, vipi?"

"Tumia, dada. Ya hapo jirani nimeyapima mwenyewe, ni salama. Chemsha tu."

Dada alichemsha mara mbili, kwa hofu ya mama. Nitrati haiondoki kwa moto. Maji hupungua, yenyewe hubaki. Siku ya kumi na moja midomo ya mtoto ikawa ya buluu. Hospitalini daktari alimtoa damu, ikatoka ya kahawia. Mtoto alikata roho Alhamisi mchana, baba yake akiwa bado njiani.

"Alikuwa akinywa maji ya wapi?" daktari aliuliza. Binti, aliyesimama kando ya dada yake, hakungoja jibu.

Alikwenda moja kwa moja maabara. Mama mmoja wa pale, mpole wa siku zote, akafungua daftari.

"Chupa ile ilikuwa na klorini, dawa ya maji ya bomba, mwanangu. Maji ya kisima hayana klorini. Nikadhani umebadilisha mahali pa kuchota."

Alimkuta msimamizi kando ya bwawa.

"Ulichota wapi?"

Mwanamume aliangalia viatu vyake. "Bombani."

"Kwa nini?"

"Nilitaka miezi mitatu tu. Tandiko jipya limeshaagizwa. Nani angejua, mpenzi wangu?"

"Dada yangu amezika."

Akapiga magoti kwenye kokoto. Binti akaondoka, na kwa wiki mbili hakupokea simu yake. Kisha akampigia mwenyewe.

"Bado unanitaka?"

"Hilo ni la kuuliza?"

"Basi yaandike yote kwa mkono wako, utie sahihi. Siwezi kuingia kwenye ndoa na siri. Ukimaliza, Jumamosi mlete mjomba wako nyumbani kwa mama."

Msimamizi alilia kwa furaha. Aliandika kurasa mbili: lini tandiko lilichanika, taarifa iko droo ipi, bomba lipi. Binti alisoma akiwa amesimama, akamgusa shavu. Alikuwa angali akilipenda shavu lile, na hilo ndilo lililomchoma. Mchana huohuo barua ilikuwa mezani kwa mkaguzi wa mazingira.

Jumamosi msimamizi alikuja na suti mpya ya kijivu, mjomba wake pembeni. Binti aliwapokea barazani, gauni jeusi, bila hereni. Mjomba alikuwa ndiyo kwanza anasafisha koo.

"Samahani kwa kukuchosha, mjomba. Hakuna posa. Barua anayo mkaguzi, na Jumatatu atakuja na polisi."

Msimamizi akapauka. "Uliniahidi."

"Nilikuahidi."

"Hivi uliwahi kunipenda?"

"Nakupenda hadi sasa. Na wewe unanipenda. Ndiyo maana nilijua utaandika."

Mjomba akamshika mkono mpwa wake kama mtu amshikaye kipofu, wakashuka ngazi.

Ndani, dada alikuwa mezani. Alikuwa amesikia kila neno.

"Umemkomesha," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Na ile fomu ya mwezi ule ina sahihi ya nani?"

Binti alishika kiegemeo cha kiti. "Yangu."

"Uliniambia umeyapima mwenyewe."

"Nilikuambia."

"Basi nenda kwako. Usinipigie. Siku nitakayoweza, nitakupigia mimi."

Tandiko jipya likawekwa, msimamizi akahukumiwa, visima sita vikapewa mpimaji mwingine. Simu ya dada ilikuwa bado haijaingia.