Patapata Kwenye Goti la Chepkemboi

"Umeweka mpira wa patapata ndani ya brace yangu!"

"Si ulisema nishone—"

"Nilisema ushone, sio utoe vyuma!"

"—na nimeshona, Chep! Angalia hiyo uzi!"

Geti yote ya uwanja wa Afraha iligeuka kuangalia. Chepkemboi, mkimbiaji wa mbio za kuruka viunzi na maji, tracksuit nyekundu, nywele amezifunga na kamba ya kiatu, alikuwa ameinua brace ya goti kama panya aliyekufa. Muiruri, fundi wa viatu, alijificha nyuma ya meza yake, aproni imeganda gundi. Ni hapo hapo walijuana, Machi ya mwaka huo wa 2007, alipomletea viatu vyake vya mbio, spaiki zilizoachama. "Mrembo," Muiruri alimwambia, "hizi zinataka mazishi, sio fundi." Chepkemboi akacheka. Akampenda, na tangu hapo wakawa wapenzi. Na sasa hii.

"Wiki mbili natrain na patapata! Je, goti lingetoka?"

"Lilitoka?"

Chepkemboi akaangalia goti lake.

"Na vyuma ulikuwa unaruka maji ukishuka kama ngazi," Muiruri alisema. "Goti linangojea chuma kifanye kazi; patapata inaliacha lijishike lenyewe. Hebu simama mguu mmoja, funga macho."

"Bado saa moja nikimbie! Ni watatu tu wanaingia timu ya mkoa. Nikikosa, narudi nyumbani Olenguruone kukamua ng'ombe."

"Na vyuma ulisimama hivyo sekunde kumi na moja tu. Kocha Ogola mwenyewe alihesabu. Simama."

Akaivaa brace, akasimama kwa hasira. Kocha Ogola, aliyekuja kumwita, akabonyeza saa yake. Sekunde thelathini na nne.

"Ala!" kocha alisema.

"Ungeniambia," Chepkemboi alimwambia Muiruri polepole.

"Ungekataa."

"Ningekataa. Lakini goti ni langu, sio kiatu cha mteja. Usinipigie simu tena."

Mbio zilipofika raundi ya mwisho, Chepkemboi alikuwa wa nne. Akapanda kiunzi cha maji, akaruka. Mguu wa patapata ukagusa chini ya maji, ukayumba kidogo, ukajitafutia wenyewe pa kukaa. Alimpita msichana mmoja kabla maji hayajamtoka machoni, mwingine kwenye kona. Namba mbili! Timu ya mkoa!

Alirudi getini peku peku, anadondoka maji, kocha nyuma yake. Muiruri akamnyooshea vile vyuma, amevifunga na gazeti.

"Chep, pole. Kweli kabisa. Nikurudishie?"

"Simama mguu mmoja. Funga macho."

Alitii, akijua ni adhabu. Kocha akabonyeza saa, wateja wakahesabu kwa sauti. Kufika tano, fundi alikuwa anayumba kama mgomba kwa upepo.

Chepkemboi alifungua mdomo amtusi mara ya mwisho. Kikatoka kitu ambacho hata yeye hakuwa amepanga.

"Kaa hivyo hivyo, usifungue macho," alisema. "Muiruri, nioe."